Metformini ya XR: uzoefu wangu wa miezi 16

Nilipogundulika kuwa na kisukari aina ya pili nikiwa na umri wa miaka 54, nilianzishiwa metformini ya kawaida, miligramu 500 asubuhi na 500 jioni, na baada ya wiki chache daktari akaipandisha hadi 1000 kila dozi. Sukari ilianza kushuka, lakini tumbo lilikataa. Kila nilipokunywa chai ya asubuhi na kumeza kidonge, saa moja haikupita kabla sijakimbilia chooni, na biashara yangu ya vitambaa hunilazimu kupanda basi kutoka Tanga kwenda Dar es Salaam mara mbili kwa mwezi. Anayeijua safari hiyo anajua kuwa dereva husimama anapotaka yeye, si pale tumbo la abiria linapotaka. Nikaanza kuiruka dozi ya asubuhi siku za safari, kisha siku ya kabla ya safari, kisha siku yoyote niliyokuwa na shughuli ya watu, na kwa miezi minne nikawa naitwa mtumiaji wa dawa ilhali nilikuwa namaliza nusu yake tu.

Kipimo cha HbA1c ndicho kilichoniumbua. Kile cha kuchoma kidole unaweza kukilaghai kwa kujinyima wali siku mbili, lakini hiki huonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, na changu kilisoma asilimia 8.4. Daktari hakunigombeza, aliniuliza tu kuhusu tumbo, nami nikasema yote. Hapo ndipo aliponihamishia kwenye metformini ya XR, yaani ile inayotoa dawa polepole: kidonge kimoja cha miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni, kisha kuongeza kimoja kila wiki hadi vitatu, vyote kwa wakati mmoja.

Tofauti iko kwenye umbo la kidonge, si kwenye dawa. Kikifika tumboni hunyonya maji, huvimba na kuwa kama utelezi mzito, na dawa hupenya humo kidogo kidogo kwa saa nyingi badala ya kumwagika yote kwa pamoja. Wiki ya kwanza nilipata gesi na siku mbili za kuharisha, ya pili gesi peke yake, na kuanzia wiki ya tatu tumbo lilitulia kabisa. Ile ladha ya chuma mdomoni haikuondoka, ila imefifia. Baada ya miezi sita HbA1c ilishuka hadi asilimia 7.1, na sukari ya asubuhi kabla ya kula, ile ya kuchoma kidole, ambayo zamani ilicheza kwenye 9 na 10 (mmol/L), sasa huwa kati ya 6 na 7. Sisemi kwamba XR ina nguvu kuliko ile ya kawaida, kwa sababu haina. Nguvu imetokana na kwamba sasa naimeza kila siku.

Jambo lililonitia hofu hakuna aliyenidokeza mapema. Mwezi wa pili niliona chooni kitu kinachofanana kabisa na kidonge changu, kizima, kimelainika tu. Nikaamini kwamba dawa inapita mwilini bila kufanya kazi na kwamba fedha yangu inaishia kwenye shimo la choo. Muuza dawa niliyemuuliza alinishauri niangalie tarehe ya kuisha muda, ushauri ambao haukuhusiana na swali langu hata kidogo. Nesi wa kliniki ndiye aliyenieleza kuwa lile ni ganda tupu, dawa yenyewe imeshatoka na kuingia mwilini. Nilipoifungua karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi nikakuta imeandikwa hivyo hivyo, kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo miwani yangu ilizitafuta kwa taabu.

Kidonge ni kikubwa, na hiki ndicho kikwazo kwa wengi. Kaka yangu, naye ana sukari, alikuwa akikisaga na kukichanganya kwenye uji, kisha akalalamika kuwa XR inaharisha kuliko ile ya zamani. Ukikisaga au kukitafuna umelivunja lile umbo, na dozi yote huachiliwa mara moja. Wala usikimeze tumbo likiwa tupu: chakula hukisaidia kukaa tumboni, na dawa nyingi zaidi hufyonzwa.

Mwezi wa Ramadhani ndipo nilipoithamini zaidi. Kwa dawa ya kawaida ningelazimika kugawa dozi kati ya futari na daku, na ile ya daku ingenikuta alfajiri nikiwa mbioni. Safari hii, kwa makubaliano na daktari, nilimeza vyote baada ya kufuturu na nikafunga mwezi mzima bila sukari kushuka kupita kiasi. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo, kwani kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari kwenye damu, si kulilazimisha kongosho kutoa insulini. Mwenye kuichanganya na glibenklamidi, dawa inayolilazimisha kongosho hivyo, au na insulini asinifuate mimi.

Figo zangu hupimwa kila mwaka, kwa kuwa figo zikidhoofika sana dawa hii husimamishwa, na mwaka huu daktari ameongeza kipimo cha vitamini B12, ambayo hupungua kwa baadhi ya watumiaji wa muda mrefu.

Nimeinyima nyota moja kati ya tano. Bei katika maduka ninayonunua ni karibu mara mbili ya ile ya kawaida, na mara nyingine haipatikani kwa wiki nzima. Kibaya zaidi, mara moja nilipewa ya kawaida nikaambiwa ni ile ile, na kwa sababu jina kubwa kwenye boksi linafanana sikugundua mpaka tumbo liliponikumbusha siku ya tatu, nikiwa kwenye basi. Tangu hapo sitoki dukani kabla sijaziona herufi XR kwa macho yangu, kwenye boksi na nyuma ya vidonge vyenyewe, hata kama foleni nyuma yangu inaguna.