Intaneti kafe yangu baada ya kuhamia Linux Mint: uzoefu wangu

Kafe yangu iko Morogoro, ina kompyuta nane, zote Dell OptiPlex za mtumba zenye Core i3 na i5 za kizazi cha nne na RAM ya GB 4. Oktoba 14, 2025 Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya kompyuta) pamoja na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane. Kwa hesabu hiyo hakuna hata mashine yangu moja inayofaa. Leseni halali ya kompyuta moja inapita dola 100, na mimi natoa kopi kwa shilingi 100 ukurasa. Fundi wa mtaani angenipigia Windows 11 kwa njia za panya, lakini kraki hizo nilishazichoka: unapewa programu ya bure na hujui imebeba nini mgongoni.

Nikachukua Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows, toleo la Xfce ambalo ni jepesi kwa mashine za zamani na litapata masasisho hadi 2029. Faili la kusakinishia lina karibu GB 3. Unalishusha mara moja, unaliweka kwenye flashi, kisha unazunguka nalo mashine hadi mashine. Haikuulizi namba ya leseni popote.

Nianze na kilichonifurahisha kuliko vyote, nacho ni flashi. Kila mwenye stationery nchini anavijua virusi vya shotikati: mtu anachomeka flashi, folda zake zote zimegeuka ikoni zenye kimshale, akibofya moja mashine inaambukizwa, na kila flashi inayofuata inaondoka na ugonjwa huo. Virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo kwenye Mint havifanyi kitu. Zaidi ya hapo, Mint haijali ile alama inayoiambia Windows ifiche folda. Binti mmoja wa chuo alikuja jioni, "Kaka, ripoti yangu ya fildi imepotea na kesho naikabidhi." Nikafungua flashi yake: shotikati zimejipanga juu, na chini yake kuna folda moja isiyo na jina. Ndani yake vitu vyake vyote vimekaa salama. Nikavitoa nje, nikafuta takataka, nikamrudishia. Siku hizi wanakuja watu wasiotaka intaneti kabisa, wanataka flashi tu isafishwe, na ninatoza shilingi 500.

La pili ni kikao cha mgeni. Ukienda kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia unaruhusu mtu kuingia bila nywila, na akitoka kila alichoacha kinafutwa. Nani asiyejua uchafu wa desktop za kafe? Vyeti vya kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya NIDA, Gmail za watu zimeachwa wazi. Hayo yote yamekwisha. Ila kuna gharama yake: umeme ukikatika, au mteja akihifadhi CV kwenye desktop akidhani ataikuta kesho, imekwenda, na hakuna pa kuitafuta. Nimebandika karatasi kila meza, HIFADHI KWENYE FLASHI AU JITUMIE KWA BARUA PEPE, kwa herufi kubwa. Watu hawasomi karatasi. Mhudumu sasa anasema kwa mdomo kila mtu anapokaa, na mashine mbili za kuchapia nimezifungia UPS.

Kuhusu fomu za mtandaoni sina malalamiko. Ajira Portal, mikopo ya HESLB, RITA, NeST ya zabuni, zote zinafunguka kwenye Firefox na Chrome kama kawaida. Barua za maombi zinatakiwa ziwe PDF, na LibreOffice, programu ya bure ya ofisi ninayoitumia badala ya Word, ina kitufe chake hapo juu, unabofya mara moja.

Kasheshe iko kwenye faili za Word zinazotoka nje. Barua na CV za kawaida hazisumbui, mradi uweke fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana sawa na za Calibri, hivyo mistari haihami. Shida ni mitihani ya walimu. Mwalimu analeta karatasi yenye majedwali ndani ya majedwali, michoro iliyoburuzwa kwa mkono na milinganyo ya hesabu. Ukiifungua, mchoro wa swali la nne umehamia swali la sita. Hapo usibishane na mwalimu wa watu. Nawaomba walete PDF, na asiye nayo namfungulia kwenye mashine nitakayoieleza hapa chini. Jambo jingine: badilisha mipangilio ya LibreOffice ihifadhi kila faili kama .docx. Usipofanya hivyo mteja ataondoka na .odt, aina ya faili ya LibreOffice yenyewe, kisha bosi wake apige simu kuuliza hiki ni kitu gani.

(Wanaodhani haya mambo ni mapya kwetu: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004 kupitia mradi wa Kilinux.)

Printa ni bahati yako. HP LaserJet yangu ilitambulika yenyewe, na kuskani nako hakukunipa shida. Ya pili, ya kampuni nyingine, ilinitoa jasho jioni kadhaa, nikaiacha. Ukinunua printa kwa ajili ya Linux, tafuta kwanza kama modeli hiyohiyo ina dereva (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia), usiishie kwenye jina la kampuni. Kuhesabu muda wa wateja tumerudi kwenye daftari na saa ya ukutani, na hakuna aliyelalamika.

Mashine moja kati ya nane imebaki na Windows, na ndiyo inayoendesha hiyo printa sugu. Intaneti nimeikata kabisa, na kila flashi inapita kwanza kwenye Mint kabla ya kuifikia. Kazi zake ni mitihani ya walimu, kadi za harusi na mabango, maana kijana wangu wa dizaini amekulia kwenye Photoshop na Publisher. Picha za pasipoti anazitengeneza kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, huku akinung'unika. LibreOffice Draw inafungua faili za Publisher, lakini kadi ikiwa na mapambo mengi maua yanatawanyika. Msimu wa harusi foleni ya mashine hiyo inafika mlangoni, na kijana ameshaniomba Windows ya pili. Nimemwambia kwanza amalize kujifunza Inkscape, programu ya bure ya kuchora na kudizaini, halafu tutaongea.