Ipindue Pete Kabla ya Kuilipia: Mwongozo wa Kununua Pete za Urembo

Pete iliyonifanya niandike mwongozo huu ilikuwa nzuri kwa kila aliyeitazama kutoka juu. Ilikuwa na jiwe la buluu lenye umbo la yai, limezungukwa na vijiwe vyeupe, na duara lake lilichovywa rangi ya dhahabu iliyokoza. Niliinunua mtandaoni baada ya kuzitazama picha sita, zote zimepigwa kutoka upande ule ule wa jiwe. Wiki ya kwanza nilipongezwa kila nilikokwenda. Wiki ya tatu ngozi ya kidole, upande wa kiganja, ilikuwa na mstari wa kijani na mchubuko mdogo uliowasha kila niliponawa mikono. Nilipoivua na kuipindua chini ya taa, niliona kile ambacho hakuna picha hata moja iliyonionyesha: upande wa ndani ulikuwa umechimbwa kama mtaro, kingo zake mbili zimeachwa kali bila kupigwa tupa, na ndani ya mtaro huo sabuni na losheni zilikuwa zimegandamana zikawa utando wa kijivu. Rangi ya dhahabu ilikuwa imekwisha mahali hapo, na shaba imebaki wazi juu ya ngozi yangu.

Sitasema mengi juu ya rangi ya jiwe wala mtindo unaovuma msimu huu, kwa sababu mambo hayo kila mnunuzi ana macho ya kuyaona. Ninalolishikilia ni kwamba pete ihukumiwe kwanza kwa upande wake wa ndani, hasa ile sehemu inayokaa kwenye kiganja. Sehemu hiyo ndiyo inayofanya kazi kila unaposhika kitasa cha mlango, mpini wa mfuko au kalamu, na ndiyo inayoloweka maji na jasho muda mrefu kuliko sehemu nyingine. Tena ndiyo inayopata rangi kidogo kuliko zote. Pete inapochovywa dhahabu kwa umeme, madini huenda kwa wingi kwenye kingo na sehemu zinazochomoza, na huwa haba kwenye mashimo na pembe za ndani. Kwa hiyo mtaro ule uliochimbwa ili kupunguza madini na gharama hupata tabaka jembamba mno, kisha hukutana na msuguano mkubwa kuliko sehemu yoyote. Rangi ya kijani yenyewe haina sumu ya kuogopesha, kwani ni shaba iliyokutana na jasho na hutoka ukiosha kwa sabuni. Lakini unyevu na sabuni vinavyofungiwa chini ya pete huweza kuleta vipele, na pale chini ya rangi palipo na nikeli, wenye mzio huwashwa vibaya. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayoruhusiwa kutoka kwenye pambo linalogusa ngozi kwa muda mrefu: mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Muuzaji anayejua biashara yake ataweza kukuambia kama bidhaa zake zinafuata kikomo hicho.

Kipimo ninachotumia dukani hakihitaji chombo. Nachukua kipande kidogo cha pamba, nakipitisha ndani ya duara mzunguko mzima, kisha naangalia. Nyuzi zikinasa mahali popote, hata kwa unywele mmoja, nairudisha pete mahali pake, kwa kuwa kinachonasa pamba leo kitanasa ngozi kesho na sweta keshokutwa. Baadaye naigeuza jiwe litazame chini na kuangalia mgongo wake. Jiwe lililokaa ndani ya shimo lililofunikwa kwa gundi huanza kulegea maji yakipenya. Lililoshikwa kwa vijino imara, na mgongo uliolainishwa, linaweza kukaa miaka mingi. Mwisho napitisha ukucha kwenye kingo za duara. Zikiwa zimeviringwa kidogo kwa ndani, pete itateleza kwenye kifundo bila kukwaruza, na utaivaa siku nzima bila kuikumbuka.

Kwa kipimo hicho, chaguo langu la kwanza ni pete ya fedha ya 925, yaani fedha asilimia 92.5 na sehemu iliyobaki ambayo kwa kawaida ni shaba. Haina rangi ya juu ya dhahabu inayosubiri kuchubuka, sonara anaweza kuipanua au kuifinya ikiwa haikuzungushiwa mawe pande zote, na ikififia kwa sababu ya salfa iliyomo hewani, kitambaa cha kung'arishia fedha huirudisha katika hali yake. Katika kundi hili sifichi upendeleo wangu kwa Pandora, kampuni ya Denmark iliyoanzishwa Copenhagen mwaka 1982. Pete zake za kawaida za fedha ninazozivaa zimelainishwa ndani kama zilivyolainishwa nje, na zimepigwa chapa S925 ALE. Herufi hizo tatu ni za Algot Enevoldsen, baba wa mwanzilishi. Vipimo vyake pia ni rahisi kuvielewa, kwa sababu namba 54 ina maana ya mzingo wa ndani wa milimita 54, basi. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilitangaza kwamba vito vyake vyote sasa hutengenezwa kwa fedha na dhahabu iliyorejelezwa, jambo ambalo kwangu lina uzito. Bei yake huzidi ya pete nyingine za fedha zenye uzito ule ule, na sehemu ya bei hiyo ni jina. Hata hivyo niko radhi kuilipa nikijua sitauguza kidole.

La pili ni chuma cha pua cha daraja la 316L. Kina nikeli ndani yake, na hilo huwashtua watu, lakini kromi iliyomo hujenga utando mwembamba juu ya chuma unaoizuia nikeli kutoka kwa wingi, na ndiyo maana watu wengi hukivaa bila shida. Hakichakai kwa maji wala jasho. Kasoro yake ni kwamba ni kigumu kukipanua, kwa hiyo usikosee kipimo; na kingo zake zikiachwa kali, hubaki kali, maana hakiliki upesi kama fedha. Titani ni nyepesi na huwafaa wenye mzio wa nikeli, ila nayo haipanuki kirahisi.

La tatu ni pete ya fedha iliyofunikwa dhahabu nene, ambayo masonara huiita vermeil. Kwa mwongozo wa Marekani, jina hilo linastahili tu pale ambapo dhahabu ni ya karati 10 au zaidi na unene wake haupungui mikroni 2.5 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ikichakaa upande wa kiganja, kinachojitokeza ni fedha, na ngozi haipati hasara. Dhahabu yenyewe ya karati 14, ambayo hupigwa chapa 585, ingekuwa juu ya zote kama ningekuwa naandika juu ya pete ya kuvaa maisha yote, lakini hapa tunazungumzia pete za kubadilishabadilisha.

Pete za shaba ya njano zilizochovywa rangi, zile zinazouzwa kumi kumi kwenye kadi moja, zinafaa kwa sherehe ya jioni moja. Zivue kabla ya kunawa.

Kinachoniudhi kuliko shaba yenyewe ni maneno yanayoiuza. Nimeona mara nyingi pete ikitangazwa kuwa ya "dhahabu karati 18", na ukiuliza mara ya pili unaambiwa karati 18 ni ile rangi ya juu, nayo unene wake haujulikani. Karati hueleza usafi wa dhahabu tu, haielezi wingi wake, na muuzaji anayeliacha neno hilo lielee anajua msomaji ataelewa nini. Aliyeniuzia pete yangu naye aliniandikia kwamba pete hazirudishwi kwa sababu za usafi. Ninaikubali sababu hiyo kwa hereni zinazopenya sikio; kwa pete ni vigumu kuikubali, hasa pale ambapo mnunuzi hakupewa nafasi ya kuona ndani. Nilipomwomba picha ya upande wa ndani wa pete nyingine, kimya. Kwa hiyo sasa sinunui kwa picha kabla sijatumiwa picha hiyo, na nawasihi wasomaji wafanye vivyo hivyo, kwa sababu wauzaji hawatazipiga mpaka tuzidai.

Kuhusu kipimo, pima kidole jioni, mwili ukiwa na joto la kawaida, kwa sababu vidole huvimba kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Funga ukanda mwembamba wa karatasi, uhakikishe unapita kwenye kifundo, kisha soma milimita. Namba 7 ya Marekani ni kipenyo cha ndani cha takriban milimita 17.3, yaani mzingo wa karibu 54. Pete pana, tuseme ya milimita 6 na kuendelea, hubana zaidi kwa namba ile ile, hivyo ongeza nusu namba.

Katika kuzipanga mkononi, upande wa kiganja ndio unaoniongoza pia. Pete pana huiweka kidole cha kati au cha shahada, lakini si katika mkono ninaoandikia na kubebea mizigo. Pete nyembamba mbili au tatu hupendeza zikipangwa pamoja kwenye kidole kimoja, mradi ziwe za madini yenye ugumu unaolingana. Chuma kikikaa karibu na fedha kitaikwaruza, na lulu au feruzi haivumilii kabisa kusuguana na jirani mwenye vijiwe vigumu. Fedha na dhahabu hukaa vizuri pamoja ukiirudia kila rangi angalau mara mbili, kwa mfano pete mbili za fedha mkono mmoja na mbili za dhahabu mwingine, na moja yenye rangi zote mbili ikiziunganisha. Vidole vifupi hupendezwa na jiwe la umbo la yai linalolala kufuata urefu wa kidole. Mimi huacha kidole kimoja kitupu kati ya pete mbili kubwa, kwa sababu mkono ukikunjwa, madole yanakutana kwenye kiganja, na hapo ndipo kingo za pete moja zinapoanza kula pete ya pili.