Tuisheni ya baiolojia kwa madam wa mazingira, Moshi: inafaa au haifai?

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka. Mtoto akiwa kidato cha kwanza mpaka cha tatu mpeleke tu, ila kama yuko cha nne, NECTA ni mwezi wa kumi na moja na nyie ndo mnashtuka mwezi wa tisa, aisee tafuteni kwingine, huyu madam sio mtu wa pasti pepa.

Ni mwalimu wa sekondari hapahapa Moshi, baiolojia na kemia, Jumamosi anachukua watoto wachache barazani kwake. Kabla ya kushika chaki alikuwa mtu wa uhifadhi, kapita Mweka pale chuo cha wanyamapori (kile cha tangu 1963) na porini kafanya kazi kweli, ndo maana hata somo liwe la tumbo la binadamu lazima mnyama atapita katikati. Jina silitaji, mwenyewe hapendi matangazo.

Binti yangu alikuwa bingwa wa kukariri. Muulize mmea unatengenezaje chakula, anakutiririshia Kingereza cha kitabuni bila kumeza mate, muulize sasa kwa nini mahindi yaliyo chini ya mwembe yamedumaa, kimya. Madam yeye anaelezea kwa Kiswahili mpaka wote waelewe, halafu ndo wanaandika kwa Kingereza maana mtihani unakuja hivyo. Hiyo peke yake kwangu imelipa hela.

Siku moja nilimfuata mtoto mapema nikakuta hawajamaliza, nikakaa pembeni. Walikuwa na chupa tatu za maji ya kunywa zimekatwa matako, zimegeuzwa mdomo chini, mdomoni kitambaa. Moja ina udongo wa msituni na majani yake yaliyooza, ya pili wa shamba la migomba, ya tatu wa njia ya bodaboda, umeshindiliwa haswa. Kila chupa inamiminiwa kikombe kimoja. Ule wa msituni maji yakazama saa hiyohiyo na mengine yakabaki humohumo kwenye udongo, wa migomba nao si haba, wa njiani yakatuama juu tuli. Madam hasemi kitu, anawaangalia tu. Kakijana kamoja kakauliza, sasa mvua kubwa ikinyesha hapo maji yanaenda wapi? Ndo alichokuwa anakisubiri! Kutoka hapo wakapanda nae mlima mzima kwa maneno, kwamba sisi wa Moshi tunadhani maji yetu yanatoka kwenye theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kumbe theluji mchango wake ni kidogo sana, kazi kubwa inafanywa na ule mkanda wa msitu unaopokea mvua na kuishusha taratibu kwenye chemchemi. Na barafu yenyewe toka 1912 imeshapungua zaidi ya asilimia 80. Mimi nimezaliwa Kilema na nilikuwa sijui, nasema ukweli.

Halafu kuna siku za Msitu wa Rau. Hapo mnachanga nauli na kiingilio, na kwa mtoto wa mjini ni karibu tu, bajaji inakufikisha. Wanapima kamraba ka mita moja kwa kamba na vijiti wanahesabu miche iliyomo ni ya aina ngapi, wanarudia pembeni kwenye mashamba ya mpunga wanalinganisha. Ila kilichomkaa binti yangu ni mbega. Kumbe anaishi kwa majani kwa sababu tumbo lake lina vyumba na bakteria wanaovundisha majani, karibu na mambo ya ng'ombe, na kidole gumba chake kimebaki kinundu tu. Wiki nzima nyumbani ilikuwa mbega, hadi baba yake akaomba poo.

Sasa kasoro, maana zipo. Saa tatu yake ni saa tatu na nusu, wakati mwingine na zaidi. Notsi hatoi, mtoto anaandika mwenyewe alichokiona, kwa hiyo kama ni mvivu wa kuandika daftari linabaki jeupe na wewe mzazi utahisi umeibiwa. Kuna mama alimjia juu kwamba mbona hamalizi mada, madam akamjibu taratibu tu "mama, nikimaliza mimi na yeye hajaelewa, tumemaliza nini?" Jibu zuri, ila mtihani hausubiri na mimi yule mama namuelewa. Kemia nayo, kwa maoni yangu, iko chini kidogo ya baiolojia. Hesabu za moli anazipitia mbiombio utadhani anakimbizwa.

Bei ni elfu kumi kwa Jumamosi, safari mbali. Kwa Moshi sio rahisi, tuisheni za mabanda ya kujazana ni nafuu sana, ila huko mtoto anakaa na wenzie sitini na hakuna anayejua kama kaelewa.

Mkiamua, mnunulieni mabuti, Rau kuna matope hata kiangazi, na masika safari zinasimama kabisa. Nafasi zinajaa Januari shule zikifunguliwa, namba yake iko kwa wazazi wenzenu, na msimpigie Jumapili asubuhi, yuko kwaya.