Begi la kamera la turubai kutoka Mwanjelwa: uzoefu wangu wa miezi 16 milimani

Kiswahili kimeyapa mambo mawili jina moja: ukungu unaofunika Milima ya Uporoto asubuhi, na ukungu unaoota kwenye kitu kilichofungiwa na unyevu wake. Ukipiga picha Mbeya utakutana na yote mawili, maana huo wa kwanza ndio unaoleta wa pili. Lenzi yangu ya pembe pana, niliyoinunua kwa fedha ya harusi za msimu mzima, iliharibika hivyo. Niliiweka kabatini ndani ya begi mwezi wa nne, nikaitoa mwezi wa sita, nikaielekeza dirishani. Nyuzi nyeupe kama za buibui zilikuwa zimetambaa ndani ya kioo kutoka pembeni kwenda katikati. Fundi wa kamera aliifungua na kuisafisha, lakini akanionyesha kwa tochi michirizi iliyobaki. Ukungu ulishakula ule utando mwembamba uliopakwa kwenye kioo kuzuia mng'ao, na utando huo haurudi. Mpaka leo nikielekeza lenzi ile jua linakochomoza, picha inapauka kama imemwagiwa maziwa.

Begi nililokuwa nalo lilikuwa la dukani, shilingi 280,000, zuri kwa macho, lenye zipu kila upande na koti la mvua la kuvalisha juu. Shida yake ilikuwa mgongoni. Pale panapogusana na mgongo wako pana sponji, na koti la mvua halifiki huko. Unapanda mlima kwa muda wa saa mbili, jasho linaingia, manyunyu yanaingia, na sponji yenyewe imeshonewa humohumo, haitoki. Ukifika nyumbani unaanika begi zima, nje linakauka, ndani linabaki na unyevu usiouona. Nililianika siku mbili kabla ya kuliweka kabatini. Hazikutosha.

Ndipo nikaenda Mwanjelwa, Mbeya mjini, kwa mzee mmoja anayeshona maturubai ya malori yanayopita kwenda Tunduma.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Gari gani?”

“Si gari, mzee. Ni kamera.”

Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza taratibu, akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na muuza begi yeyote: “Maji yanaingilia wapi?” Nikamwonyesha begi la zamani. Akapitisha kidole kwenye zipu, akabonyeza sponji ya mgongoni, akatikisa kichwa. Hakunionyesha mfano wowote wa begi alilowahi kushona. Alichukua boksi la karatasi, akalikata kwa ukubwa wa kamera na lenzi zangu tatu, akaniambia nirudi baada ya wiki.

Nilichopewa ni hiki. Nje ni turubai zito la lori, lile lililopakwa plastiki pande zote mbili. Halina zipu hata moja. Mdomo wake unakunjwa mara tatu kama mfuko wa unga, kisha unabanwa kwa klipu mbili. Mishono imekunjwa kwa ndani mara mbili, na uzi wa nailoni aliupitisha kwenye nta ya nyuki kabla ya kushona, halafu akapaka nta nyingine juu ya mshono wenyewe. Kitako kina kipande cha tyubu ya tairi, kwa hiyo naliweka kwenye tope bila kufikiri. Mikanda ya mabegani ni ya viti vya magari yaliyokufa. Ndani kuna boksi la godoro gumu lililovalishwa kitambaa cha blanketi, lenye vyumba vinne, na boksi hilo linatoka lote kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo penye thamani ya begi zima. Nikirudi safari nalichomoa boksi, naliweka juani peke yake, na turubai nalipangusa kwa kanga, limekauka. Nililipa shilingi 70,000 kwa kila kitu, naye akanijibu “ndaga fijo”, asante sana kwa Kinyakyusa, akiendelea kusukuma cherehani.

Safari ya kwanza ilikuwa Kitulo, Februari mwaka jana, maua yakiwa yamekolea. Nilishuka Chimala nikapanda ile barabara ya kwenda Matamba tunayoiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Kwa asiyefika: Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda wenye kimo cha mita 2,600 hivi, na ndiyo hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa kwa ajili ya mimea hasa. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Okidi za ardhini pekee zipo aina 45, na nyingi ni fupi kuliko kiganja. Huwezi kuzipiga picha umesimama. Unalala kifudifudi kwenye majani yenye maji, na begi laini la dukani ukilifanya mto wa kuegemea linabonyea na kunywa maji. Hili la turubai nililiweka chini, nikaegesha kamera juu yake mahali pa stendi, lenzi ikawa sentimita 20 kutoka ardhini, kimo kilekile cha ua. Picha yangu ninayoipenda kuliko zote za mwaka jana, okidi ya njano yenye tone moja la maji kwenye mdomo na mlima Mtorwi umefifia nyuma yake, ilipigwa juu ya begi hilo.

Saa nane mchana mvua ikatukuta uwandani, pasipo mti wa kujificha. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimetandika karatasi ya gazeti ndani ya begi iwe shahidi wangu. Tulipofika nyumba ya wageni Matamba nikaitoa. Ilikuwa kavu yote isipokuwa doa moja la ukubwa wa sarafu ya mia mbili, upande wa kulia juu, pale mkanda wa begani ulipotobolewa kwenye turubai. Nilimpelekea mzee gazeti lenyewe. Alilitazama, akaweka kiraka kwa ndani, akakipaka nta, hakuchukua hata senti.

Ziwa Ngozi nilikwenda Aprili, mwezi usio rafiki kabisa. Njia kutoka Isongole inaanza kwa upole, halafu inaingia msituni na kusimama wima, mizizi na tope mpaka juu ya ukingo wa kreta, lile shimo la volkano lenye ziwa ndani yake. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili begi lilipiga mzizi kwa ubavu na nikasikia lenzi zikigongana na mbavu zangu, si zenyewe kwa zenyewe. Godoro gumu lilifanya kazi. Juu hapakuonekana kitu. Weupe mtupu, na chini yake ziwa zima limelala bila kuonekana. Kijana aliyetuongoza akasema, “Subiri tu dada, litafunguka.” Tulisubiri kwa muda wa karibu saa tatu. Lilipofunguka mara ya kwanza, upepo ukavuta ukungu upande mmoja kama pazia, maji ya kijani yakaonekana chini kabisa, nami nilikuwa bado nafungua klipu na kukunjua mikunjo mitatu. Nilipotoa kamera, pazia lilikuwa limerudi. Niliumia sana. Bahati lilifunguka tena, dakika chache tu, zikanitosha.

Hiyo ni kasoro ya kweli ya begi hili, na haina dawa, kwa sababu kinachozuia maji ndicho hichohicho kinachokuchelewesha. Siku hizi nikiwa nasubiri mwanga, kamera inakaa shingoni chini ya kikoi, imevalishwa mfuko wa nailoni kichwani. Begi ni la safari na la kulaza vifaa usiku, halifai kuchomolea kamera kwa haraka. Ukiwa unapiga picha za ndege au za watu njiani, usishone la namna hii.

Na kama ni ndege, angalia pia velkro. Mwanzoni vyumba vya ndani vilifungwa kwa velkro. Kitulo kuna ndege mkubwa wa nyasini anayeitwa Denham, yule mwenye shingo ya rangi ya kutu. Nilimkaribia kwa kutambaa muda mrefu, nikataka kubadili lenzi, nikavuta kifuniko. Kraaa! Kama umewahi kukisikia kimya cha Kitulo, unakijua; sauti ile ilikuwa kama kuchana shuka msikitini. Ndege aliondoka, na wenzake wawili ambao sikuwa nimewaona wakaondoka naye. Mzee alitoa velkro zote akaweka kamba na vishikizo vya mti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kila anayebeba kamera nyanda za juu alijue. Julai tulilala Kitulo kupiga picha alfajiri, nyasi zikiwa zimeota barafu nyeupe. Betri zililegea kwa baridi hadi nikaziweka kwapani. Siku hiyohiyo tukashuka kwa gari kupitia Kikondo na Isyonje, tukapita Tukuyu na Kyela, jioni tuko Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako uso wa maji uko mita 475 hivi tu kutoka usawa wa bahari. Umeshuka zaidi ya kilomita mbili kwenda chini kwa siku moja. Kamera inafika na baridi ya mlimani ndani ya chuma chake, na hewa ya Matema ni ya joto na imejaa maji. Ukiitoa hapohapo inafanya kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji: inatoka jasho. Jasho hilo haliko nje tu, linaingia kwenye kijidirisha cha kuchungulia, linaingia kati ya vioo vya lenzi, na hapo ndipo ule ukungu wa pili unapoanza safari yake.

Mwenzangu aliona jua linazama juu ya maji, mitumbwi inarudi, Milima ya Livingstone imewaka upande wa pili, hakuweza kujizuia. Alifungua begi lake. Kioo kikawa cheupe papo hapo, akafuta, kikawa cheupe tena. Mimi niliacha begi limekunjwa, nikaliweka kivulini saa mbili nzima. Turubai lisilopitisha hewa, ambalo siku nyingine nalilalamikia, hapo ndilo lililoniokoa: hewa iliyokuwa ndani ilikuwa ile kavu ya mlimani, na vifaa vilipata joto polepole bila kukutana na hewa ya ziwa. Nilikosa machweo. Nilipiga alfajiri yake, mama mmoja wa Kikisi akipanga vyungu kwenye mtumbwi, na kila mstari wa kidole kwenye udongo unaonekana.

Upande wa pili wa sifa hiyo usiusahau. Turubai halipumui. Ukifungia humo taulo bichi au koti lenye umande, umejenga shamba la ukungu mwenyewe. Mimi naweka vipakiti vitano vya zile chembe za kukaushia unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu na vifaa vya umeme, za rangi, ili nione zikibadilika. Zikijaa unyevu nazikausha kwa moto mdogo kwenye kikaango kikavu. Mchele uacheni jikoni. Niliwahi kuutumia, na nilichopata ni vumbi jeupe kwenye pete ya lenzi.

Isimila, karibu na Iringa, nilikwenda Septemba; nitasema kwa ufupi. Zile nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko ziko kwenye korongo lenye vumbi laini kama poda, na upepo wa mchana unalinyanyua. Vumbi halikuingia kwenye begi lililofungwa. Liliingia nilipobadili lenzi nje, na hilo ni kosa langu, si la begi.

Uzito: tupu lina kilo 2 na nusu, karibu mara mbili ya lile la zamani, na mikanda ya gari ilinikata mabega hadi mzee akaongeza mkanda wa kiunoni na pedi kwa shilingi 15,000. Wiki mbili za kwanza linanuka plastiki vibaya, lianike wazi barazani. Ukienda kushonesha, usipeleke vipimo kwa simu. Nenda na kamera yenyewe na lenzi zako, ziwekwe juu ya meza yake.

Kila baada ya wiki mbili namulika lenzi zote kwa tochi ya simu kutokea nyuma. Katika miezi 16, masika mbili zimepita, sijaona uzi hata mmoja. Nimeagiza la pili, dogo, la kamera moja na mkunjo mmoja, la kukaa kifuani kwa ajili ya Ngozi. Mzee ameshakata boksi la karatasi. Ameniambia nirudi Alhamisi na lenzi mpya aipime.