Fobu ya fedha ya 1923 kwenye kizibao cha bwana harusi

Nashona suti za wanaume River Road, Nairobi, na wateja wa kizibao huniuliza swali lilelile: fundi, hapa tumboni nining'inize nini? Siku hizi nawaonyesha fobu yangu. Nimeivaa mwenyewe, na nimewavisha mabwana harusi watatu, kwa hiyo naielewa.

Fobu ni kile kipambo kinachoning'inia kwenye mkufu wa saa ya mfukoni. Za kale zaidi zilikuwa mihuri ya jiwe ya kugandamiza lakiri, ile nta ya kufungia barua. Baadaye vilabu vya Uingereza vikawa vinatoa fobu za fedha kwa washindi wa michezo. Yangu ni ya aina hiyo: ngao ndogo isiyozidi upana wa kidole gumba, imechongwa majani pembeni, na mgongoni mtu ameandika kwa mkono "J. W. 1923". Sijui J. W. alishinda nini, lakini kila nikiishika namuwazia.

Niliipata kwa mzee anayeuza saa mbovu na sarafu za kikoloni. Alitaka shilingi 7,000.

"Mzee wangu, nipe kwanza nitazame mgongo."

"Tazama, fundi. Hilo si bati."

Nikaweka lenzi nikaona alama ndogo zilizogongwa. Simba anatembea, mguu wa mbele kauinua: hiyo ni fedha halali, sehemu 925 kwa 1000. Kando yake nanga, alama ya mji wa Birmingham ilikopimwa fedha, kisha herufi ya mwaka na herufi za sonara aliyeitengeneza. Tukapatana 5,500. Mwaka jana kwingineko niliuziwa "fedha" kwa 4,000 bila kugeuza. Nilipofika nyumbani nikakuta EPNS, yaani madini yenye nikeli yaliyopakwa fedha kwa umeme. Baada ya miezi minne kingo zilikuwa zimeanza umanjano. Iliniuma sana, na ndiyo maana nawasihi: geuzeni kabla ya kulipa.

Kasoro ya hii ni kipete cha juu. Kimesuguana na mkufu miaka yote hiyo hadi upande mmoja umebaki mwembamba kama uzi. Sonara wa Ngara alikijaza kwa 600. Asingekijaza, ingedondoka ukumbini watu wakicheza.

Kuivaa kuna utaratibu. Mkufu wake huitwa Albert, jina la mumewe Malkia Victoria, na una kijiti chenye umbo la T kinachopenya tundu la kifungo cha kizibao. Saa inaingia mfukoni, na karibu na kijiti hutoka mkufu mfupi wenye fobu. Bwana harusi mmoja alitaka kuitundika kwenye kola ya koti. "Mwanangu, hapo itakuwa beji," nikamwambia, nikaishusha mahali pake. Alipofungua koti mbele ya kioo, ngao ikameta mara moja, akanyamaza akijitazama. Kwa vizibao vya namna hiyo tundu nalizungushia uzi wa hariri mara mbili, maana kijiti hula kitambaa.

Kusafisha ni kitambaa laini tu. Weusi ulioingia kwenye mistari ya majani uacheni, ndio unaofanya mchongo uonekane.

Mzee ana nyingine ya akiki nyekundu, mhuri hasa wa lakiri. Anataka 12,000. Nimefika 9,000, na Jumamosi narudi.