Msaada wa kitaalamu wa serikali kuu ya Marekani kwa tiba ya uraibu: tathmini ya mtu wa dirisha la dozi

Kwa miaka tisa sasa ninafanya kazi ya ushauri nasaha katika kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa heroini, kwenye jimbo moja la Marekani, na katika muda huo nimetumia karibu kila aina ya msaada ambao serikali kuu ya nchi hii huyapa majimbo ili yaweze kuwatibu watu wenye uraibu wa dawa za kulevya. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu wenzetu wengi wa Afrika Mashariki na Kongo wameajiriwa huku kama wauguzi, wasaidizi wa wagonjwa na wakalimani katika vituo vya namna hii, nao hupita mwaka hata miwili bila kuambiwa na yeyote kwamba msaada huu upo, haulipiwi, na hauwahusu wakurugenzi peke yao.

Tiba ya uraibu hapa huendeshwa na majimbo, lakini sehemu kubwa ya fedha, kanuni na maarifa hutoka kwenye idara ya serikali kuu ya huduma za uraibu na afya ya akili, inayojulikana kwa herufi zake, SAMHSA, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye makao yake Rockville, Maryland. Pamoja na kugawa fedha, idara hiyo hugharamia vitabu vya miongozo, vituo vya mafunzo vya kanda na wataalamu wanaotumwa kwa anayewahitaji. Ninavipima vyote kwa kipimo kimoja, nacho ni iwapo kilichoandikwa Rockville kinafika kwenye dirisha letu saa kumi na moja alfajiri, wakati mgonjwa wa kwanza anaponyoosha mkono kupokea kikombe chake.

Nianze na vitabu, kwa kuwa ndivyo vilivyonilea. Tangu mwaka 1993 SAMHSA imekuwa ikitoa mfululizo wa miongozo ya tiba unaoitwa TIP, na kila kitabu hushika jambo moja: jinsi ya kumsaidia mtu aamue mwenyewe kubadilika, jinsi ya kumtibu mwenye uraibu na ugonjwa wa akili kwa pamoja, na kadhalika. Kitabu namba 63, kilichotoka mwaka 2018 na kuhuishwa mwaka 2021, kinahusu dawa tatu zinazotibu uraibu wa heroini na jamii yake, yaani methadoni, buprenofini na naltreksoni. Kimegawanywa katika sehemu tano, na sehemu ya nne imeandikwa kwa ajili yetu washauri, jambo ambalo sijalizoea, kwa maana vitabu vingi vya tiba huzungumza na daktari kana kwamba mtu anayekaa na mgonjwa kwa saa nzima hayumo chumbani. Humo ndimo nilimojifunza namna ya kumjibu mgonjwa anayeambiwa na ndugu zake kwamba hajaacha chochote maadamu anakunywa methadoni. Humo pia ndimo nilimosoma, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba mgonjwa asinyimwe dawa kwa sababu hajaanza au hataki ushauri nasaha. Kwa mshauri hayo si maneno mepesi kuyameza, lakini ni ya kweli na yanaokoa watu.

Kasoro ya vitabu hivyo ni mwendo wao. Mwishoni mwa Desemba 2022 sheria ya bajeti iliondoa kibali maalumu ambacho daktari alilazimika kukipata kabla ya kuandika buprenofini, kibali kilichokuwapo tangu sheria ya mwaka 2000 na kilichoweka ukomo wa wagonjwa ambao daktari mmoja angeweza kuwatibu. Kisha mwaka 2024 kanuni za kliniki za methadoni zikabadilishwa, na dozi ya kwanza, ambayo kwa miaka mingi haikuruhusiwa kuzidi miligramu 30, ikaruhusiwa kufika 50. Toleo la 2021 la kitabu namba 63 limetangulia mabadiliko yote mawili. Anayelisoma leo bila mtu wa kumwelekeza atajifunza utaratibu wa kibali ambacho hakipo tena na viwango ambavyo havitumiki tena. Sisemi kwamba kitabu kimeharibika, kwani maelezo yake kuhusu ugonjwa wenyewe bado ni bora kuliko mengi niliyowahi kuyasoma, lakini anayempa mfanyakazi mpya nakala yake anapaswa kukaa naye kwanza na kumwonyesha kurasa zilizopitwa na sheria.

Pengo hilo ndilo lililonifikisha kwenye sehemu ya msaada huu ninayoithamini kuliko zote. Mwezi Desemba 2016 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoyatengea majimbo dola bilioni 1 kwa miaka miwili ili yakabiliane na vifo vya opioidi, yaani heroini na jamii yake, na kufikia mwaka 2018 ilikuwa dhahiri kwamba fedha zimefika mahali ambako watu wenye ujuzi wa kuzitumia hawakuwapo. Ndipo SAMHSA ilipogharamia mtandao wa wataalamu uitwao Opioid Response Network, unaoongozwa na chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya akili na uraibu. Utaratibu wake ni mwepesi: mtu yeyote, awe afisa wa jimbo, muuguzi, mchungaji au mkuu wa gereza, anatuma ombi akieleza shida yake, naye huunganishwa na mtu anayelifahamu eneo lake. Ombi letu lilijibiwa siku ya kazi iliyofuata, na aliyetupigia simu alianza kwa kutaka kujua tunahudumia wagonjwa wangapi, wanatumia nini mitaani na nani kati yetu amekwama wapi.

Shida yetu ilikuwa fentanili, opioidi ya maabara iliyo kali kuliko heroini. Buprenofini hung'ang'ania vipokezi vya ubongo kwa nguvu kuliko opioidi nyingine, hivyo ikiingia mwilini wakati zile nyingine bado zipo, huzisukuma nje ghafla, na mgonjwa hupatwa upesi na mateso ambayo vijana wa Dar es Salaam huyaita arosto: kutapika, kuharisha, kutetemeka, mwili kuuma hadi mifupa. Wakati wa heroini tulikuwa tukimwambia mgonjwa asubiri saa kumi na mbili au zaidi hadi dalili zianze, kisha tunampa kidonge. Fentanili, kwa kuwa hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka taratibu kwa mtu aliyeitumia kwa muda mrefu, ilituvunjia hesabu hiyo. Tuliwapoteza wagonjwa kadhaa waliokuja kwa hiari yao, wakapata arosto mbele yetu, wakaondoka wakiamini kwamba dawa yetu ni sumu. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyoweza kuwaeleza wakubwa wangu, kwa sababu mtu aliyekimbia tiba kwa namna hiyo huwasimulia wengine.

Mtandao ulitutumia daktari aliyekuwa amepita njia hiyo hiyo katika jimbo la jirani. Alikutana nasi mara tatu, akasoma mafaili yetu yaliyoondolewa majina, akatufundisha kuanza na vipande vidogo sana vya buprenofini kwa siku kadhaa huku opioidi nyingine ikiwa haijakatizwa, ili mwili uizoee pole pole. Alimfundisha daktari wetu, kisha akakaa na wauguzi, kisha akakaa nasi washauri, na kila kundi alilieleza kwa lugha ya kazi yake. Hatukulipa hata senti moja. Nikitakiwa kutoa nyota kama ilivyo desturi ya tathmini, sehemu hii ninaipa tano bila kusita.

Vituo vya mafunzo vya kanda vijulikanavyo kwa jina la ATTC, vilivyoanza mwaka 1993, navisifu kwa kifupi tu. Masomo yao ya mtandaoni ni mazuri na hutambuliwa katika kuhuisha leseni, lakini mengi ni mihadhara ya saa moja ambayo mfanyakazi aliyetoka zamu ya alfajiri huisikiliza huku akisinzia. Panapokuwa na mwalimu anayerudi mara ya pili kuuliza kilichofanyika, mafunzo hayo huzaa matunda, na asiporudi hubaki cheti ukutani.

Upo pia msaada ambao mfanyakazi wa kliniki hauoni kwa macho, ule unaotolewa kwa ofisi za jimbo za Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini inayogharamiwa na serikali kuu pamoja na majimbo. Mwaka 2014 wakala wa serikali kuu unaosimamia bima hiyo ulianzisha mpango wa kuyasaidia majimbo kitaalamu, na tiba ya uraibu ikawa mojawapo ya maeneo yake ya mwanzo. Maofisa wa majimbo walikutanishwa, wakasaidiwa kusoma takwimu zao wenyewe, kupanga viwango vya malipo na kuandika maombi ya kuruhusiwa kulipia huduma ambazo sheria ilikuwa imezizuia, hasa tiba ya kulazwa kwa watu wa umri wa miaka 21 hadi 64 katika vituo vya magonjwa ya akili na uraibu vyenye vitanda zaidi ya 16. Mpango huo ulifikia mwisho mwaka 2020. Mfano mzuri wa kazi za aina hiyo ni Virginia, ambayo Aprili 2017 ilianza kulipia ngazi zote za tiba ya uraibu kupitia Medicaid na kupandisha malipo kwa watoa huduma. Bila malipo yanayotosha, kliniki haiwezi kumwajiri muuguzi wa kumimina dozi, hata awe na miongozo yote ya dunia.

Hapo ndipo nyota zinapopungua. Msaada wa kitaalamu unamfundisha anayetaka kufundishwa, na hauna mamlaka juu ya jimbo lisilotaka. Kwa miongo mingi mgonjwa wa methadoni alilazimika kuja kliniki karibu kila siku, na alihitaji miaka miwili ya tiba kabla ya kuruhusiwa dozi za mwezi mzima nyumbani. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, SAMHSA iliruhusu mgonjwa aliyetulia apewe dozi za siku 28. Kanuni ya 2024 ikaifanya ruhusa hiyo kuwa ya kudumu kwa utaratibu mpya: hadi dozi za siku 7 katika wiki mbili za kwanza za tiba, hadi 14 kuanzia siku ya 15, na hadi 28 kuanzia siku ya 31, kwa uamuzi wa mtoa tiba. Hata hivyo jimbo lina haki ya kubaki na masharti makali zaidi, na kliniki nayo inaweza kujiwekea ya kwake. Nimehudhuria mafunzo ambamo mtaalamu wa serikali kuu alieleza kwa upole na ushahidi kwa nini dozi za nyumbani humsaidia mtu kushika kazi na kulea watoto, kisha tukatoka nje na kukuta waraka wa ofisi ya jimbo ukisema tusubiri. Mama aliyekuwa akipanda mabasi mawili kila alfajiri kuja kwetu aliendelea kuyapanda kwa miezi mingine minane.

Kuna wasiwasi mwingine kuhusu msaada wenyewe kudumu. Machi 2025 Wizara ya Afya ya Marekani ilitangaza mpango wa kuiingiza SAMHSA katika mamlaka mpya pamoja na idara nyingine, kupunguza watumishi na kuzipunguza ofisi za kanda za wizara kutoka 10 hadi 5. Ujuzi wa namna hii hukaa vichwani mwa watu wanaofahamiana kwa majina, kwa hiyo kumwondoa mtu mmoja anayejua ni daktari yupi wa jimbo la jirani ameshaitatua shida yako ni hasara isiyofidiwa na kitabu.

La mwisho linatuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Namba ya simu ya msaada ya SAMHSA hupokelewa usiku na mchana, bure, kwa Kiingereza na Kihispania. Familia zetu zilizotoka Kivu na Katanga kupitia kambi za wakimbizi hazimo katika lugha hizo mbili, nasi tuna tatizo la neno lenyewe. Niliwahi kukaa na mama mmoja wa Kikongo ambaye mwanawe alikuwa anaanza methadoni, nikamweleza kwa Kiswahili changu cha pwani kwamba kijana atapewa dawa ya kumtoa kwenye dawa za kulevya. Alinitazama kwa muda, akaniuliza: "Munamupatia dawa juu ya kumutosha mu dawa?" Sikuwa na jibu la haraka, kwa kuwa katika lugha yetu sumu na tiba zimeitwa kwa jina moja, na hakuna mwongozo wowote wa Kiingereza ambao ungeweza kuliona tatizo hilo.

Baada ya siku hiyo tulituma ombi la pili kwa mtandao ule, safari hii la karatasi ya maelezo kwa ajili ya familia. Walitupatia mtaalamu wa kupitia maudhui, na maneno tukayatafuta wenyewe, mimi, muuguzi kutoka Kisumu na mkalimani kutoka Bukavu. Heroini na fentanili tumeziita "unga" na "vidonge vya mtaani", na neno "dawa" tumelitumia kwa methadoni na buprenofini pekee, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Karatasi hiyo sasa iko mezani pangu, upande mmoja kwa Kiswahili sanifu na upande wa pili kwa Kiswahili cha Kongo, na yule mama ndiye tuliyemwomba aisome kwanza na kutusahihisha.