Rangi ya kitufe ibadilike polepole: ColorAnimation au taima yako?

Waandishi wa programu za kompyuta hapa Unguja hawaishi kubishana: kitufe kikitoka kijani kwenda nyekundu, uiachie WPF (zana ya Microsoft ya kutengeneza madirisha ya programu za Windows) kwa ColorAnimation, inayobadilisha rangi yenyewe, au uhesabu mwenyewe kwa DispatcherTimer, taima inayoita msimbo wako kila baada ya muda fulani?

Kwa wepesi, ColorAnimation haina mpinzani. Unataja rangi ya mwisho na muda, basi. Tena inafuata saa. Chukua kaunta ya tiketi za boti pale Malindi: orodha ya abiria ikipakiwa, skrini ikakwama kidogo, rangi huruka mpaka ilipopaswa kuwa. Taima inayosogeza hatua moja kila ikilia hubaki nyuma, na karani anaona kijani ilhali viti vimekwisha. Hilo silivumilii, ukitumia taima, pima muda uliopita, usihesabu hatua.

Kwenye matunzo mambo hugeuka. Brushes.Green, brashi ya kijani iliyo tayari ndani ya WPF, imefungwa isibadilike: ukiita BeginAnimation (amri ya kuanzisha mabadiliko) juu yake, programu inatupa hitilafu, hivyo lazima uunde SolidColorBrush mpya, yaani brashi yako ya rangi moja. Halafu ColorAnimation ikimaliza huendelea kuishikilia rangi. Ukiweka nyingine kwa msimbo, huioni. Mtu anaweza kuisaka hitilafu hiyo mchana kutwa. Taima inayokipa kitufe brashi mpya kila hatua haina mitego hii.

Kwa rangi zenyewe, ColorAnimation huchanganya kila chaneli (nyekundu, kijani, bluu) peke yake, na katikati hutokea kama kutu. Ukihesabu mwenyewe, unaweza kupita manjano safi.

Mwenye skrini nyingi na muda mchache achukue ColorAnimation. Anayejali kila kivuli cha rangi, taima. Aliye kwenye WinForms, zana ya zamani zaidi ya Microsoft, hana ColorAnimation, atahesabu tu.